Dalili ya Nne

Edna Pickersgill alilala siku tisa ili aweze kusimama nusu saa. Siku ya kumi, Alhamisi, alijikokota hadi kwenye kioo, akatengeneza nywele, akapaka rangi ya mdomo, akavaa koti la kanisani. Marehemu mama yao alikuwa mkali kwa hilo: kwa daktari huendi hovyohovyo, watu wa mjini hapa Bradford wakakuona huna kwenu.

Mdogo wake, Hilda, alimsindikiza. Mafua yaliyowaangusha wote wawili na kuwaachia uchovu usioisha yalikuwa yale yale, ya baridi ile ile ya mwaka juzi. Lakini Hilda alibaki na tezi zinazouma shingoni, akapewa barua yenye jina la ugonjwa, na posho ya serikali juu yake. Utotoni Edna alimwonea wivu kwa nywele zake; sasa alimwonea wivu kwa tezi, na wivu huu wa pili ulichoma zaidi.

Daktari alikuwa na karatasi mpya. Wakubwa wake walikaa kikao huko kusini wakakubaliana nani ahesabiwe mgonjwa: uchovu wa miezi sita, pamoja na dalili nne kati ya nane. Misuli kuuma, akatia alama. Kusahau, alama. Usingizi usioburudisha, alama. Akambonyeza shingo, akatikisa kichwa.

"Tatu, Bi. Pickersgill."

"Nikitembea leo, daktari, wiki nzima sinyanyuki. Na hiyo imo kwenye karatasi yako."

"Imo. Lakini mimi nimeona umepanda ngazi mwenyewe, tena umependeza."

"Nililala siku tisa nipate kufika hapa."

"Basi unaona? Kupumzika kunakufaa. Jumatatu urudi kazini, jiko la shule linakungoja. Usiporudi watachukua mpishi mwingine."

Nje, Hilda alimshika mkono. "Mimi siku yangu ya kupimwa nilikuja nimevaa nguo ya kulalia, dada. Sikuchana hata nywele."

"Na mama je?"

"Mama amekufa, Edna."

"Ungeniambia."

Hilda akatazama viatu vyake. "Hukuniuliza."

Edna akauondoa mkono wake. Alimchukia hadi kituo cha basi, na nguvu za kumchukia ndizo zilizomfikisha nyumbani.

Jumatatu, saa ya kubandika masufuria, alikuwa bado kitandani na koti lile lile la kanisani, rangi ya mdomo imepakaa kwenye mto, vidole viwili vikiminya shingo, kushoto, kulia, vikitafuta kivimbe.