Lyle Hostetter na Treni ya Kupinduka

Kabla hata ndege haijatua Florida, Lyle Hostetter alikuwa ameshaapa kwamba hatacheka.

Hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa fundi mstaafu wa nguzo za umeme huko Indiana, mtu aliyewahi kuning'inia nguzoni katikati ya tufani ya theluji huku akila mkate wa jibini. Ukimwomba akusimulie tena, tufani zinakuwa mbili na mkate unaongezwa nyama. Lakini safari hii palikuwa na dau. Kila kiangazi familia ilikwenda kwenye kibanda chao cha ziwani, Michigan, ambako mwenye ratiba ni samaki peke yake. Mwaka huu binti yake, Corinne, alikuwa ameng'ang'ania kumpeleka mwanawe Tansy kwenye bustani kubwa ya michezo. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, ndipo Nadine, mke wa Lyle, akakata shauri.

"Ukicheka hata mara moja kabla ya fataki za jioni pale bustanini," alisema, "mwakani tunarudi huko huko. Usipocheka, ziwa ni lako, na sitakunung'unikia."

"Kuanzia sasa hivi?"

"Kuanzia sasa hivi. Na acha kutabasamu, unanitia wasiwasi."

Mtu akitaka kukaa bila kucheka, bustani ile ilimsaidia sana. Corinne alikuwa ameipanga safari hiyo tangu majani yalipoanza kupukutika. Aliamka kabla ya jogoo ili apate meza kwenye mkahawa ambako wahudumu huvaa kama dubu. Simu yake ililia kila mara: sasa ni zamu ya meli ya maharamia, sasa ni kupakana mafuta ya jua, sasa ni kunywa maji. Lyle alisema kuna nchi zimevamiwa kwa maandalizi machache kuliko hayo.

"Baba, usianze," Corinne alisema.

"Sijaanza. Nasimama tu. Nimesimama tangu nikiwa kijana, tangu foleni hii ilipoanza. Yule bwana pale mbele ameoa humu humu foleni, na mwanawe keshaanza shule."

Tansy, mwenye miaka tisa, aliangua kicheko. Lyle akauma shavu kwa ndani na kutazama juu, akifikiria ushuru.

Ili mtu asipotee, Corinne alikuwa amewashonea wote fulana za rangi ya chungwa, zinazong'aa hata ukifumba macho. Hilo lilikuwa wazo zuri. Tatizo ni kwamba akina mama wote wenye akili huwaza hivyo hivyo. Lyle alikwenda msalani, na alipotoka akaona migongo ya chungwa ikiondoka kwa haraka. Akaifuata akilalamika. Aliilalamikia kwenye ngazi, akailalamikia kwenye kona, akawaambia kwamba maji ya chupa huku yana bei ya petroli. Akakaa kwenye kiti cha treni walichomwonyesha, chuma kikamshukia mapajani, tii! Ndipo akageuka amwambie Nadine jambo.

Hakuwa Nadine. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya pinki.

"Wewe ni Mpruitt wa upande gani wa ukoo wetu?" mama yule aliuliza.

"Mimi? Mimi ni Hostetter."

"Maskini! Basi leo wewe ni Mpruitt. Mimi ni Earlene, wa Alabama. Shika meno yako, mpenzi."

Treni ikapanda. Ilipanda mpaka Lyle akaona, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, paa la nyumba yake kule Indiana na jirani akimwibia nyanya. Kisha ikaanguka, ikapinduka miguu juu, ikajikunja kama nyungunyungu kwenye ndoana. Aliposhuka alikuwa na nywele zilizosimama wima, na Wapruitt wote wakimpiga mgongoni. Kwa kuwa alikuwa Mpruitt wa siku moja tu, akaona si ustaarabu kuwaacha walipompeleka kwenye foleni kwa mara ya pili.

Nadine na wenzake walimkuta kwenye lango la kutokea, akijifanya anasoma bango la marufuku ya kuvuta sigara. Corinne alikuwa ameketi ukingoni mwa njia, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni.

"Tumekutafuta bustani nzima," alisema. "Meza ya dubu wamempa mtu mwingine. Zamu ya meli imepita. Tansy hajapanda kitu chochote cha maana." Akaizima simu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Umeshinda, Baba. Haya yote hayafai. Mwakani ziwani."

Lyle alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miezi. Sasa limekuja, na hakujua alitie mfuko gani.

"Nyie! Huyu mzee wenu kasahau picha yake!"

Earlene alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye duka la picha, akipunga karatasi. Pale kwenye mteremko mkali, mtambo humpiga picha kila abiria bila kumwomba ruhusa. Nadine akaipokea. Lyle alikuwa kiti cha mbele, kinywa kimefunguka kama mlango wa ghala, na meno ya bandia yakiwa hewani, yamemtangulia kidogo.

Nadine aliitazama kwa muda mrefu. "Anacheka."

"Napiga yowe," Lyle alisema upesi.

"Yowe la nini?"

"La... yowe tu."

"La woga? Wewe, wa nguzo na tufani mbili?" Nadine akamkazia macho. "Chagua, mume wangu. Kama uliogopa, ziwa ni lako. Lakini Jumatatu nitawaambia wenzako kwenye duka la maandazi. Nitawapelekea na picha."

Lyle akaitazama picha. Akamtazama Corinne, aliyekuwa anajifuta uso kwa pindo la fulana ya chungwa, na jicho moja limeinuka kumwangalia. Ziwa lilikuwa pale pale mkononi mwake, lenye samaki wake wote.

"Nilicheka," alisema. "Lakini kidogo."

"Kidogo!" Earlene alipaza sauti. "Mara ya pili tulimshusha kwa nguvu!"

"Mara ya *pili*?" Corinne aliuliza, na kicheko kikamtoka puani, kibaya, chenye makamasi, mpaka akalazimika kushika mkono wa Tansy ili asianguke ukingoni.

"Babu," Tansy alisema, "mimi sijapanda hata mara moja."

Foleni ilikuwa imezunguka mpaka kwenye vyoo. Walijiunga nyuma kabisa, na simu ya Corinne, iliyowashwa tena, ilikuwa imeshaanza kulia kuhusu meza za mwakani. Lyle akamgeukia kijana mmoja mbele yao, aliyekuwa amepauka kama unga.

"Mara yako ya kwanza?" akamuuliza. "Usijali, mwanangu. Mimi asubuhi niliipanda nikiwa nimesimama."