Kisu Alichonipa Kaka

Watu wote humwita kaka yangu Afande. Aliacha jeshi zamani, lakini jina halikumwacha. Mkewe anamwita Afande, majirani wanamwita Afande, hata wanawe wakitaka kwenda kucheza husimama mguu sawa mlangoni na kusema, "Afande, tunaomba kutoka." Mimi peke yangu, dada yake mdogo, nilikataa. Nilimwita Kaka, kwa sababu namjua tangu akiogopa kwenda msalani gizani, na kwa sababu sisi tumezaliwa wawili tu. Hilo jina lilikuwa langu mwenyewe.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja, yeye mkuu wa walinzi getini, mimi mkataji ndani. Ni kiwanda cha maturubai: ya malori, ya mahema, ya kufunikia mizigo. Kitambaa huja kimeviringwa, mzigo mnene kuliko mtu, kinaning'inizwa juu kwa kamba. Mkataji anapanda ngazi, anashika upindo kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Mimi nakata kwa kushoto. Waliponiajiri walinong'ona kwamba shoto huyu atatuharibia kitambaa. Nilipoondoka, kila fundi mpya alikuwa anafundishwa na shoto huyo huyo kunyoosha mstari. Nasema bila kuona haya, kazi ile niliiweza.

Mwanzoni nilitumia kisu cha kawaida cha kukunja, kile cha kufungulia kwa kucha. Siku moja nikiwa juu nilikisukuma kwenye turubai gumu, kikajikunja chenyewe na kunikata kidole hadi mfupani. Kaka ndiye aliyenikimbiza zahanati. Alinigombeza njia nzima kama aliyekatwa ni yeye, kisha nesi alipotoa sindano akanishika bega na kunibembeleza kwa sauti ya chini kama mtoto. Kidole kilipopona alikuja nyumbani na kisu kipya, akaketi kizingitini na kunifundisha.

"Hiki kina loki," akasema. "Kikifunguka kimefunguka, hakikurudii kidoleni. Na hapa kwenye bapa kuna kinundu, unasukuma kwa dole gumba tu. Mkono mmoja unatosha. Huo mwingine ushike ngazi, usije ukaanguka ukatuletea msiba bure."

Bapa lilikuwa jeusi, halikung'aa. Akasema rangi hiyo inazuia kutu. Mpini ulikwaruzwa makusudi usiteleze mkono ukitoka jasho. Nyuma yake kulikuwa na ncha fupi ya chuma, ambayo baadaye niliitumia kuchomolea ringi zilizokwama kwenye matundu ya kamba. Klipu ya kukining'iniza mfukoni ilikuwa upande wa kulia. Kaka akatoa bisibisi yake ndogo, akafungua skrubu moja moja na kuihamishia kushoto kwa ajili yangu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama utotoni alipokuwa akichonga magari ya miti. Nilimpenda sana kaka yangu jioni ile.

Tangu hapo kila asubuhi nilipita getini na kisu changu mfukoni, klipu inaonekana, naye akinipigia saluti ya utani.

Kisha akaja mgeni kutoka makao makuu. Kila mtu alijua amekuja kukagua, na pia kumchagua mkuu wa walinzi wa matawi yote. Kaka alikuwa amesugua viatu vyake mpaka ungeweza kujitazama humo na kuchana nywele. Mgeni akazungushwa karakana nzima na meneja, kikombe cha chai mkononi, mpaka wakafika chini ya ngazi yangu. Hapo hapo kamba moja ya turubai ikanasa, mzigo mzima ukaanza kulala upande. Nikatoa kisu, kikafunguka kwa mlio wake, ta, nikaikata. Turubai likashuka salama. Lakini mgeni alikuwa ameinua uso, akaona bapa jeusi likifunguka juu ya kichwa chake. Aliruka huyo, chai yote ikaishia kwenye shati.

Mafundi wakaangua kicheko. Hilo ndilo lililotuponza, maana mkubwa aliyechekwa akiwa ameloa chai hasamehi.

"Fundi wa maturubai anafanya nini na kisu cha komando?" akafoka. "Na nani alikipitisha getini?"

Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi: vifaa vya kazi vinaingia, silaha haziingii. Kisu changu kikiwa kifaa, hakuna mwenye kosa. Kikiwa silaha, ama mimi nilikificha na kazi sina, ama mkuu wa geti alifumba macho na cheo hana. Nikaitwa kwenye kikao.

Asubuhi ya kikao Kaka alinivuta nyuma ya stoo.

"Niachie mimi," akasema. "Wameniita nikieleze kisu kama mtaalamu. Nitawaambia ni kifaa, yaishe. Ila usiseme nilikupa mimi. Wakisikia hivyo wataona napigania cha kwangu, na neno langu halitakuwa na uzito. Wakikuuliza, sema ulinunua."

"Na una hakika utasema ni kifaa?"

"Mdogo wangu, kwani mimi ni nani wako?"

Sikuuliza tena.

Ofisini kwa meneja feni ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Kisu changu kilikuwa mezani, juu ya karatasi nyeupe, kimekunjwa. Walikuwapo meneja, mgeni akiwa na shati jipya, na mama mmoja wa utumishi ambaye ndiye aliyeuliza maswali. Kaka alisimama kando ya dirisha.

"Hiki ni chako?" mama yule akaniuliza.

"Changu."

"Ulikipata wapi?"

Nikamtupia Kaka jicho. Alikuwa ametazama ukuta.

"Nilinunua," nikasema.

Akamgeukia yeye. "Afande, sote tunajua huyu ni ndugu yako. Ndiyo maana neno lako tutaliamini. Hiki ni kifaa au silaha?"

Kaka akakichukua. Dole gumba lake likaenda moja kwa moja kwenye kinundu, ta, kikafunguka. Mgeni akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Kwanza, kinafunguka kwa mkono mmoja," Kaka akasema. "Mkono wa pili unabaki huru, wa kumkaba mtu."

Wa kushika ngazi, nikasema moyoni. Nilidhani anaanza mbali ili afike karibu.

"Pili, kina loki. Ukichoma nacho hakijikunji. Bapa ni jeusi, lisionekane gizani. Mpini umekwaruzwa, usiteleze hata mkono ukiwa na damu. Hii ncha ya nyuma ni ya kuvunjia kioo, au kichwa."

Akakigeuza, akawaonyesha klipu.

"Hii hutoka dukani ikiwa imefungwa kulia. Hapa imehamishiwa kushoto, na huyu anatumia kushoto. Maana yake kimeandaliwa kitoke mfukoni upesi, kwa mkono wake wenye nguvu. Jambo hili halitokei kwa bahati mbaya. Mtu amekaa, amefikiri, akafanya."

Nikangoja aseme "lakini". Niliingoja ile "lakini" kwa mwili mzima.

"Kwa hiyo?" mgeni akauliza.

"Kisu cha kivita, mheshimiwa. Na anayenunua kisu cha namna hii anajua anachonunua."

Nilisimama nikaangusha kiti.

"Amenipa yeye! Hiyo klipu kaihamisha yeye, kwa bisibisi yake, kizingitini kwangu! Muulizeni!"

"Dada," yule mama wa utumishi akasema taratibu, "sasa hivi umesema ulinunua."

"Aliniambia niseme hivyo!"

Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama uongo wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Meneja akainamisha macho. Mgeni akamuuliza Kaka kama ni kweli.

Kaka akaruka kimanga. "Ana hasira za karibu huyu, mheshimiwa, tangu utotoni. Leo amechanganyikiwa. Ningekiona getini ningekizuia, awe dada, awe nani."

Kisha akanigusa bega, akasema, "Tulia, mdogo wangu. Tulia." Kwa sauti ile ile ya zahanati. Angenitukana ningeumia kidogo. Nilitamani kumtemea mate, na nilitamani kumlilia begani, vyote kwa pamoja, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe mpaka leo.

Nilifukuzwa mchana ule ule. Mlinzi wa zamu aliyenifungulia geti, kijana wa chini ya Kaka aliyekuwa akiniona na ile klipu kila siku, alipata ghafla kazi kubwa ya kukagua kufuli.

Jumapili Kaka akaja nyumbani. Mama anaishi kwangu, kwa hiyo hakuwa na namna ya kutokuja. Alivaa sare mpya, alama mpya mabegani, kirungu kiunoni. Mkononi alikuwa na furushi la vitu vyangu vya karakana, limefungwa kwa kamba ya turubai, kwa fundo la kijeshi. Nilisimama mlangoni, sikumkaribisha.

"Vitu vyako," akasema, akaliweka furushi kizingitini. Akatazama nyuma, akaingiza mkono mfukoni. "Na hiki. Walitaka kukivunja, nikakichomoa kwa siri. Nilijua unakipenda."

Akanipa kisu.

Nikakipokea. Kilikuwa na uzito ule ule. Nilikuwa na maneno mengi, niliyoyapanga wiki nzima nikiosha vyombo.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" akasema. "Mmoja wetu alikuwa lazima aanguke. Mimi nikisimama, nitakuinua. Nitakutafutia kazi, tena nzuri. Mambo yatapoa."

Niliinama kulifungua furushi. Fundo lilikuwa limekaza, nikafanya nilichokuwa nikifanya siku zote: mkono wa kulia ukashika kamba, dole gumba la kushoto likasukuma kinundu. Ta.

Kaka akaruka nyuma.

Alirudi kinyumenyume hadi uwanjani, mkono wake umeshika kirungu, macho yameganda kwenye bapa. Alinitazama kama mgeni yule alivyonitazama. Mtu aliyeketi pale pale na bisibisi, ulimi nje, akihofia nisije nikaanguka ngazini, aliniogopa.

Nikakata kamba. Ndani mlikuwa na aproni yangu, kandambili, na kikombe changu cha chai. Nikakunja kisu, nikakiweka chini kizingitini, nikakisogeza kwake kwa mguu.

"Chukua," nikamwambia. "Mimi sina silaha nyumbani kwangu."

Hakukichukua. Akabaki amesimama, mkono bado uko kiunoni.

"Nani amekuja?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Afande," nikamjibu, nikabeba kikombe changu na kufunga mlango.