Vyura wa Kiwanja cha Baba

Kupima udongo wa mteja mbishi ni kazi. Kupima udongo wa baba yako mzazi ni adhabu. Mteja ukimwambia kiwanja chake kina maji, atakutukana, yataisha. Baba anakukumbusha nani alikufundisha kuhesabu.

Baba yangu ni karani mstaafu wa posta. Mtaani wanamwita Mzee Ghorofa, maana tangu astaafu hana wimbo mwingine. Hiyo ghorofa yenyewe haina hata tofali moja. Kabla ya msingi ilibidi kiwanja kipimwe, na kazi hiyo ni yangu: natoboa ardhi, natazama udongo ulivyo, nasubiri maji yatulie shimoni, nayapima kwa tepu, naandika ripoti na kuweka sahihi. Nyumba ikizama, wanamtafuta mwenye sahihi.

Nilifika asubuhi na fundi wangu wa kekee, ile ndefu ya kutobolea ardhi. Baba alikuwa ameshaweka alama tatu za chokaa, zote zimebanana upande wa juu, kwenye kijinuko kisichotosha hata banda la kuku.

"Nimewarahisishia," alisema.

"Baba, tangu lini mgonjwa akamchagulia daktari pa kuchoma sindano?"

"Kiwanja ni changu, mama."

Nikateremka upande wa chini. Palikuwa pamelimwa jana yake, na nyuma ya ua kulikuwa na lundo la matete yaliyong'olewa, mizizi bado mibichi. Kando yake ndoo yenye kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe. Ndoo ilikuwa inakoroma.

Fundi wangu, mtu asiye na haya, akaondoa jiwe. Vyura wakamwagika, wakarudi moja kwa moja upande wa chini, kwao.

"Ni wa jirani," baba alisema. "Walikuja kutembea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sketi ikalowa. Kipimo cha kwanza kikawa hicho.

Tukatoboa palepale. Kekee ilipanda na udongo mweusi wa mfinyanzi, unanata kama gundi ya bahasha. Tukanywa chai huku maji yakijaa shimoni taratibu mpaka yakatulia: sentimita themanini kutoka juu.

Baba akanivuta pembeni. "Andika mita tatu. Nani atashuka humo kuhakikisha?"

"Siandiki uongo. Ghorofa juu ya tope hili itapasuka, nawe umelala ndani."

Hasira zilikuwa zimenipanda. Mtu mzima anaamka alfajiri kukimbizana na vyura ili amdanganye mwanawe! Nilifungua mdomo nimpashe, akatoa mchoro mfukoni, umechakaa mikunjo. Chini, chumba chake na mama. Juu, vyumba vinne, na katika kila kimoja ameandika kwa ule mwandiko wake wa posta: kifungua mimba, wa pili, binti, kitinda mimba.

"Mkija mnalala hotelini," alisema. "Mnasema nafasi hakuna. Nilitaka mkose cha kusema."

Iliniuma, sitaficha. Mwaka huu peke yake nimeyasema maneno hayo mara tatu.

"Nyumba ya chini tu, bila ghorofa, itasimama?" akauliza.

"Itasimama, tukiinua msingi. Lakini kiwanja ni chembamba, baba. Vyumba viwili na sebule, basi."

Nikaandika sentimita themanini, nikaweka sahihi. Baba akaomba kalamu. Akauweka mchoro gotini, akaanza kukata vyumba vya juu, kimoja kimoja. Alianza na changu.