Nyota Mbele ya Neno

Nyumba ya Mama Mkubwa Zuwena leo haina pa kutia mguu. Ni arobaini ya mjukuu mchanga, masufuria ya pilau yameshateremshwa, wanawake wa mtaa wa Ngamiani wamejazana uani, kila mmoja na sahani yake na habari yake, na ndani, nyuma ya pazia la maua, Sikudhani amejinyoosha kitandani na simu kifuani, anasema anapumzisha mgongo kidogo tu, maana amesuka vichwa tangu alfajiri. Mgongo kweli unauma, lakini si mgongo uliomleta huku. Ni Kyungu. Kyungu ni kijana wa Lubumbashi, hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanajuana kwenye simu tu, kwenye ule mchezo ambao mnashushwa kisiwani, mnawinda na kuwindwa, na moshi mwekundu unakizunguka kisiwa ukijibana, ukimkuta mtu ndiyo basi tena. Kazi ya Kyungu kwenye kikosi ni kulinda migongo ya wenzake. Na mchezo ukiisha alikuwa habanduki, anataka umbea wa nyumba: Mama mukubwa anaamuka? Kale kamutoto kanalala? Anawajua shangazi wote kwa majina na nani hasemi na nani. Ila anaandika Kiswahili cha kwao, na Sikudhani hawezi kukiona akakiacha. Desturi ya humo ni kwamba mtu akikosea unaweka kinyota, halafu neno unalolitaka wewe, na kinyota kikishatua kikosi kizima kinamwaga vicheko. Mwezi uliopita, kwenye mechi ambayo wangeshinda wangevuka hatua, Kyungu aliandika: Dada, beko nyuma yako. Sikudhani akasimama. Katikati ya uwanja mweupe, pasipo hata kijiti cha kujificha, alisimama kabisa ili aandike kinyota, *wako, na alipomaliza kuandika alikuwa ameshalala chini na kikosi kimetolewa. Watu hawakumcheka aliyesimama. Walimcheka aliyeonya. Kyungu akaandika sawa, na tangu siku hiyo anacheza bubu, na kila mechi wanauawa kwa nyuma. Asubuhi ya leo nahodha kasema akinyamaza tena na jioni hii wanamtoa, atafutwe mwingine mwenye mdomo. Sikudhani ameandika pole, akaifuta, akaandika tena, akaifuta. Huko uani Bi Rukia anasimulia kisa cha mume wa Hidaya, sauti imepanda, maana ndipo panapokolea, anasema basi nawaambieni, yule bwana kurudi safari, kufika pale kwake, si akakuta

mlango upo, nyumba haipo, inamalizia sauti nyingine, na Sikudhani yuko barabarani. Yu peku, na doti lake la kanga za shughuli. Barabara ni nyeupe, imenyooka mpaka inachosha kuitazama, na kulia na kushoto hakuna kuta, ni vioo, na ndani ya vioo kuna Ngamiani ile ile iliyogeuzwa, kinyozi upande wa duka la viungo na duka la viungo upande wa kinyozi, vibao vinasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hakuna mtu. Shughuli anaisikia kwa mbali, vigelegele vinatoka ndani ya kioo kama vya nyumba ya tatu. Anageuka kutazama alikotoka na anatamani asingegeuka, kwani kule nyuma, kutoka ardhini mpaka mbinguni, umesimama moshi mwekundu. Haupepei wala haufuki. Umetulia kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Anatembea. Mbele yake anatokea mwanamke mwenye sahani ya pilau, kanga zake ni zile zile za shughuli, mwendo wake wa kuringa kama wa mtu unayemjua, na Sikudhani anafurahi, anamkimbilia, anataka kumshika mkono, ndipo anapoona kwamba pale penye uso hapana uso. Pamelainika kama mgongo wa kijiko. Katikati kuna kinyota kimoja, cheusi, kidogo, na kutoka kwenye kinyota maneno yanatoka yameandikwa, yananing'inia hewani kama mvuke wa chai. Karibu mgeni, yanasema, tumefurai kukuona, mlango wa kutokea naujua, nifwate. Ungedhani mtu aliyetishika hivi angefuata tu. Lakini vidole vya Sikudhani vinawasha, macho hayaoni mlango wala njia, yanaona pale palipopungua na pale palipozidi, na anasimama, anasema tumefurahi, anasema nifuate. Mvuke unakatika. Nyuma inasikika sauti kama ya tambara bichi linaloburutwa sakafuni, na Sikudhani akigeuka moshi uko kwa kinyozi, ilhali kwa kinyozi amepapita sasa hivi. Twende dada, anamwambia yule mwanamke, nionyeshe mlango, twende basi. Mwanamke hatikisiki. Amebaki na sahani yake barabarani, na moshi unamfikia, unamchukua na sahani na kanga na kinyota, na hapigi hata kelele, maana cha kupigia kelele hana.

Anakimbia mpaka pumzi zinamwisha, na popote anapokimbilia anafika kwa kinyozi. Barabara haina kona hata moja, na bado kinyozi ni yule yule. Nje amekaa kinyozi mwenyewe kwenye kigoda, koti jeupe, uso wa kijiko, kinyota. Kitendawili, anaandika hewani. Tega, anajibu Sikudhani. Ukienda nasimama, ukisimama naenda, na mguu sina. Ni moshi, anasema Sikudhani, ni moshi huo, nimeshaujua, niambie mlango uko wapi, na huku anazunguka kigoda, anazunguka, anaogopa kusimama. Umeujua, anaandika kinyozi, kuujua si kazi, kazi ni kuendelea kutembea. Mlango anao yule aliyekuwa anautazama mgongo wako. Yuko wapi? Ukimsikiliza yupo, ukimsahihisha hayupo. Kinyozi wewe, sema maneno ya watu, utaniua! Na kinyozi anainuka, anaona kitu nyuma ya bega la Sikudhani, na maneno yanamtoka mbio mbio, yamepandana: harakisha dada unakuja umeshafika halakisha. Sikudhani anajua. Anajua kabisa, anauma ulimi mpaka anaonja chumvi ya damu, na mdomo unafunguka wenyewe, mdomo uliozoea, ndugu zangu, hauombi ruhusa. Harakisha, unasema. Na miguu, ambayo siku zote imefuata mdomo, inasimama. Sekunde tu. Akigeuka pana kigoda kitupu, na kigoda chenyewe kinaishia nusu.

Sasa analia waziwazi, anatembea huku analia, na kwenye vioo watu wanaanza kuonekana. Mwanzo mmoja mmoja, halafu wamejaa, wamepangana kama wageni wanaosubiri kupakuliwa, na wote hawana nyuso. Anawajua kwa vidole. Huyu ndiye yule wa Kigoma aliyekuwa anachanganya herufi, huyu binti wa Mpeketoni aliyemwandikia salamu siku ya kwanza akapewa kinyota badala ya kuitikiwa, huyu mtoto wa Bujumbura aliyekuwa anachekesha watu mpaka siku ile alipochekwa yeye. Vidole vyao vinakwenda. Wanaandika, wanafuta, wanaandika, wanafuta, na mfutiko wa maneno yao una sauti, mchakacho mdogo kama wa mende juu ya karatasi, umeenea mji mzima. Na katikati yao kuna mmoja aliyewapa wote mgongo. Wengine wanatazama barabara, yeye anatazama kule kunakotoka moshi. Ni mwembamba, fulana imemning'inia, kichwa amekiinamisha kidogo kama anasikiliza. Sikudhani hajawahi kumwona, na angemjua hata gizani.

Kyungu! Anapiga kioo kwa ngumi. Kyungu we, ni mie, Siku! Hageuki. Kwenye kioo, chini ya mgongo wake, inaandikika herufi moja, inafutika. Inaandikika nyingine, inafutika. Andika tu, Sikudhani anamsihi, andika unavyotaka, mie sitasema kitu, naapa, na kioo kinabaki cheupe, kwa sababu maneno hayo hayo aliwahi kuyaandika siku nyingine, kwa utani, na kinyota kikafuata. Tambara bichi linaburutwa. Liko karibu. Anakanyaga hapo hapo mbele ya kioo, mguu huu, mguu huu, kama mtu mwenye haja, asije akahesabiwa amesimama, na ndipo anapojiona. Ndani ya kioo, kati ya watu wasio na nyuso, kuna mwanamke mwenye kanga kama zake, na pua yake inazama taratibu kama kijiko kwenye uji. Nyusi zimeshaondoka. Juu ya paji la uso panawasha, na pale panapowasha pana doa jeusi linaloota ncha. Anajishika uso na vidole vinateleza. Mdomo bado upo, umebaki mwembamba, umebaki wa neno moja au mawili, na Sikudhani analitafuta neno zuri, lenye maana pana, la kumtoa mtu kwenye kioo, halipo. Linakuja lile lililokuwa linafutwa. Pole, anasema. Pole, ndugu yangu. Uliniona, ukaniambia, nikasimama. Nilisimama mie, Kyungu, wewe hukufanya kitu.

Mchakacho unakoma. Mji mzima vidole vinatulia. Na kwenye kioo maneno yanakuja, moja moja, yanasitasita kama mtu anayejaribu kama daraja bovu litambeba, na hayafutiki: Dada, beko nyuma yako. Kimbia. Usiangarie. Na jamani, hata hapo, na joto la moshi limeshamlamba shingo, na uso umeshamwisha, hata hapo vidole vinawasha, kinyota kinadunda pajini kama jipu, na ule mdomo uliobaki unafunguka. Sikudhani anauziba kwa kiganja. Anaisoma sentensi yote kwa inachosema. Inasema kimbia. Anakimbia, na pa kukimbilia ni kioo tu, anajitupa,

pazia la maua linamgusa uso. Kitanda. Dari. Jasho limelowesha shuka na simu imeteleza ubavuni. Anajishika pua, ipo, nyusi zipo, paji la uso lina alama ya ukingo wa simu, au anaomba iwe ya simu. Uani Bi Rukia ndiyo kwanza anavuta pumzi, anamalizia: mlango upo, nyumba haipo! Na wanawake wanaangua kicheko, wanapigana mikono, eti Hidaya kauza mpaka bati, na damu ya Sikudhani inasimama, maana hicho kipande cha mwisho yeye alikisikia kwingine kabla Bi Rukia hajakisema. Simu inatetemeka. Mchezo umefungwa, mechi mpaka jioni, magumzo ya kikosi yametulia. Lililofunguka ni lile la wawili tu, alimokuwa akiandika pole na kuifuta, na juu yake pameandikwa: Kyungu anaandika. Inapotea. Inarudi. Mwezi mzima hajaandika neno, na sasa neno linatua.

Dada, beko nyuma yako.

Nyuma yake pana mto, na nyuma ya mto pana ukuta, na kwenye ukuta dirisha, na mwanga unaoingia kwa dirisha umegeuka mwekundu. Pana harufu ya moshi. Ni mkaa wa pilau, anajiambia, na hapo hapo anakumbuka yeye mwenyewe ndiye aliyeumwagia maji. Hatazami. Kabla hajajua ameamua nini yuko nje uani, peku, kanga inaburuzika, na wanawake wanashangaa. He! Sikudhani, umefukuzwa na nani? Ameota mahari huyo! Mwacheni, kala pilau akalala na shibe! Kicheko. Nyuso zao zipo, lakini jua liko nyuma yao na hazionekani vizuri, na yeye hataki kuzichungulia. Mama Mkubwa Zuwena ameinamia sufuria, kanga kichwani, mgongo kwake. Mama Mkubwa, niangalie. Subiri mwanangu, nakwangua ukoko. Mama Mkubwa, niangalie kidogo tu. Nimekwambia subiri, una haraka ya nini leo?

Sikudhani hasubiri. Anaanza kuzunguka uwanja, anapita kati ya majamvi na sahani, anaruka miguu ya watu, na wanawake wanamuuliza unatafuta nini we mtoto, keti, na yeye haketi wala hasimami, anatembea anaandika, dole gumba linateleza kwa jasho: Nimetka nje Kyungu. Pole ndgu yangu, niliesimama ni mie. Huko unaona nini? Anaona makosa yake yote matatu yakimkodolea macho. Anatuma. Harufu ya moshi imefika mlangoni, au ndiyo imeanza kuondoka, hawezi kujua, pazia la maua linacheza na upepo hakuna. Kwenye simu panatokea: Kyungu anaandika. Na pale kwenye sufuria Mama Mkubwa ameweka mwiko chini, anafuta mikono kwa kanga, anajinyoosha mgongo, haya, anasema, nimekwisha, ulitaka nikuangalie, na anaanza kugeuka. Sikudhani anazidisha hatua. Macho hayatoki kwenye simu, hatainua uso kumtazama mtu yeyote uwanjani hapo, mpaka Kyungu amwambie anachokiona.