Asiyerudi Amepona

Mjinga wa siku ile alikuwa karani wa kadi, na mwenyewe hakatai. Alikuwa akimtania mfagizi wa kliniki wakati wagonjwa waliokufa waliporudi.

Walikuja asubuhi, dirisha lilipofunguliwa, wakakaa kwenye benchi pamoja na walio hai, sanda zimefungwa vizuri. Mfagizi aliwaomba wanyanyue miguu apitishe dekio. Hawakukohoa, kwa hilo tu ungewatambua.

Watafiti walikuwa wameomba kumbukumbu za kila siku za wagonjwa wa kifua, wajue kama vidonge vipya vinashinda vya zamani. Wengi waliopewa vipya hawakuonekana tena, na karani hakuwa na miguu ya kuwafuata majumbani.

"Asiyerudi amepona," alisema akicheka. "Mzima gani atakuja kugombea benchi?"

Akajaza kila pengo kwenye kompyuta: amepona. Vidonge vikasifiwa, vya zamani vikaondolewa.

Aliyetangulia foleni alikuwa shangazi yake. Siku ya maziko karani alishika jeneza lake kwa mikono yake mwenyewe, na bado alimwandika amepona. Vidole vilishazoea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa. Na mimi nasikia nimepona."

"Kazi zilikuwa nyingi, shangazi."

"Niandike nimekufa. Si kwa ajili yangu, yangu yamekwisha. Binti yangu kaanza kukohoa."

Binti alikuwa kwenye dirisha la dawa. Alimpungia mama yake mkono, kisha akamuuliza mtoa dawa kama hakuna vidonge vingine.

"Ndivyo vilivyopo, dada. Vimewaponya wenzako wengi."

Karani alifuta "amepona", akaandika "amekufa". Kompyuta ikarudisha "amepona". Akaandika tena, ikarudisha tena. Nyuma yake foleni ya sanda ilikuwa imefika mlangoni, na mwenye kiatu kimoja alikuwa akilalamika kwamba amerukwa.

Daktari mkuu akatoka na kikombe chake cha chai, akamwamkia marehemu kwa adabu.

"Mama, pole sana. Lakini takwimu zimeshafungwa. Zikifungwa, hazifunguliwi."

Binti alikwisha kumeza kidonge cha kwanza, akawa anatafuta maji ya kukisindikizia. Shangazi alimtazama mpaka alipomaliza, ndipo akamgeukia daktari, akikung'uta udongo begani.

"Hata mimi nilifungwa, baba, tena nikafukiwa. Mbona nimekuja?"