Nakala ya Mpiga Chapa

Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Miaka ishirini na minane alikagua shule, na tangu astaafu alikagua kilichobaki, yaani mabomba ya uani, mikunjo ya mashuka na masufuria aliyosugua mkewe. Ukaguzi wake ulikuwa na namna yake. Akifika shuleni alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, akaitisha madaftari, akatoa kalamu nyekundu na kutia vema mstari kwa mstari. Madarasani hakuingia. Kama daftari limesema wanafunzi wapo, basi wapo, aende kuwatazama kwa lipi?

Mkewe alikuwa mpiga chapa. Alianza na zile mashine nzito za ofisini, zama za karatasi ya kaboni, akamalizia na kompyuta, na vidole vikapinda kwenye maungio kabla hajapata barua ya kustaafu. Mumewe alimwita Mpiga Chapa hata chumbani. Ukimuuliza angekwambia ni jina la mapenzi. Mkewe wewe hukumuuliza, wala mimi sikumuuliza, lakini mapenzi ya namna hiyo hata karani hupewa.

Miaka sita, kila alasiri baada ya chai, waliandika kitabu cha maisha ya Mkaguzi. Tuseme hivyo, waliandika. Yeye alitembea kati ya dirisha na kabati, mikono nyuma, akitamka. Mkewe alikaa mbele ya kompyuta akipiga. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuinuka mpaka Mkaguzi aseme "Funga." Siku moja mama wa watu aliinuka kwenda kuepua maziwa yaliyokuwa yanafurika jikoni, akanuniwa siku tatu. Na akithubutu kusema "lakini, Mzee," jibu lilikuwa lile lile.

"Wewe piga chapa. Kufikiri niachie mimi."

Sura zilikuwa ishirini na mbili. Nyingi zilikuwa za ziara na vikao, kavu hadi zinakwaruza koo. Ila sura ya nne ilimhusu mama yake Mkaguzi, mwanamke asiyejua kusoma, aliyeokota karatasi za kufungia bidhaa dukani ili mwanawe apate pa kuandikia. Habari zile alisimuliwa na shangazi yake, mwezi mzima kando ya kitanda cha ugonjwa, na shangazi alikwishazikwa. Siku walipoiandika sura ile, Mpiga Chapa alilia juu ya vitufe. Mkaguzi naye aligeukia kabati na kukaa hivyo kitambo. Ndiyo sura pekee aliyokuwa akimwomba mkewe amsomee kwa sauti.

Kisha wakafika ukurasa wa shukrani. Mkaguzi alishukuru makao makuu, madereva wawili, mlinzi wa ofisi, hata daktari aliyempasua ngiri. Mkewe alipiga, akingoja zamu yake. Mwishoni Mkaguzi akakohoa kidogo na kutamka, "Kitabu hiki nimekiandika kwa akili yangu mwenyewe, bila msaada wa mtu. Funga."

Vidole vilivyopinda viliandika "bila msaada wa mtu" bila kukosea herufi. Tangu saa ile, kila Mpiga Chapa akimwona mumewe anapuliza chai yake kwa raha, hasira ilizidi kumvimba.

Haikupita wiki, kompyuta ikagoma. Ilichukua nusu saa kuwaka, na ikiwaka inaganda. Fundi akaitwa, binti mwenye duka la kompyuta pale kona, mpole, anayeongea huku amepiga magoti kando ya mashine.

"Hii, Mzee, haina dawa nyingine. Ni kufuta kila kitu na kupiga windo upya, yaani mfumo mpya wa kompyuta. Nakuja kesho asubuhi. Leo hifadhini vitu vyenu pembeni. Au mniachie mimi, nihamishie diski nzima kwenye diski yangu. Saa mbili tu."

"Uhamishe faili zangu?" Mkaguzi alimtazama kana kwamba ameomba mswaki wake. "Humo mna siri za walimu wakuu arobaini. Nitahifadhi mwenyewe, na nitakagua mwenyewe."

Hapa pana jambo la kuelezwa. Faili zenyewe za kitabu Mpiga Chapa alizitunza ndani ya folda, ndani ya folda nyingine, kama alivyofunzwa ofisini. Kwa kuwa Mkaguzi hakujua kuchimba huko, mkewe alimtengenezea njia za mkato kwenye uso wa kompyuta: ikoni ishirini na mbili zilizopangwa safu, kila moja na jina la sura yake, na kamshale kadogo pembeni. Ukibofya, sura inafunguka. Lakini njia ya mkato ni kibao tu cha kuelekeza nyumba. Ukikibeba kibao, nyumba hujaihamisha.

Alasiri ile Mkaguzi alichomeka flashi, akashika kipanya na kuanza kuburuta vibao.

"Mzee," mkewe akasema, "hizo ikoni siyo..."

"Umeulizwa?"

"Nasema tu. Faili zenyewe ziko kwenye..."

"Mpiga Chapa." Hakugeuka hata kichwa. "Wewe piga chapa. Kufikiri niachie mimi."

Basi akamwachia. Alisimama nyuma ya kiti na kumtazama anavyoburuta sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkaguzi alipomaliza, alifungua sura ya kwanza kutoka kwenye flashi ahakikishe, nayo ikafunguka vizuri, maana nyumba ilikuwa ingali imesimama pale pale ndani ya kompyuta. Hakuhitaji zaidi. Akaandika orodha ya sura zote kwenye karatasi, akatoa kalamu nyekundu na kutia vema ishirini na mbili. Chini akaweka sahihi.

Msimhukumu Mpiga Chapa mapema. Alikuwa na nakala. Zama za kaboni wakubwa ndio waliopoteza barua na wapiga chapa ndio waliotoa nakala kwenye mtoto wa meza, na mazoea hayo hayakumtoka. Kila siku baada ya "Funga" alinakili kitabu chote kwenye flashi yake ndogo nyeusi, aliyoiweka kwenye kopo la vifungo na nyuzi. Mumewe hakuwahi kujua, kwa kuwa hakuwahi kuuliza. Alijiambia atamwacha aungue siku mbili. Mbili tu, kisha afungue kopo.

Asubuhi fundi aliuliza mara tatu. "Mzee, mmehifadhi? Nikifuta hakuna kurudi." Mkaguzi alimpa ile karatasi yenye sahihi. Fundi akaisoma, akamgeukia mkewe. "Na wewe, Mama? Umeangalia?"

"Mkaguzi ameshakagua," alisema Mpiga Chapa, na akaenda kummiminia binti wa watu chai.

Kabla ya saa sita mchana mfumo mpya ulikuwa umekaa, kompyuta nyepesi kama imezaliwa jana. Mkaguzi akachomeka flashi yake. Ikoni ishirini na mbili zilijitokeza, nyeupe, hazina sura. Akabofya ya kwanza. Kompyuta ikamjibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabofya ya nne, akairudia, akaibofya tena kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango.

Fundi aliinama, akaona kamshale, akafumba macho kidogo. "Mzee, hizi ni njia za mkato. Humu hamna kitabu. Zote kwa pamoja hazifikii hata uzito wa picha moja."

Aliipeleka mashine dukani kwake akahangaika nayo siku mbili kujaribu kufufua. Alichorudi nacho kilikuwa takataka, herufi na maboksi, kwani mfumo mpya ulikuwa umekwisha kukanyaga juu ya vitu vya zamani. "Jamani, hamkuwa na nakala nyingine yoyote?" aliuliza, akiwatazama wote wawili.

"Mimi napiga chapa tu," alisema Mpiga Chapa.

Fundi alipoondoka, Mkaguzi alimgeukia mkewe. "Ulijua!"

"Kufikiri si uliniambia nikuachie wewe?"

Mzee akaenda kulala mchana kweupe na viatu miguuni. Lo, Mpiga Chapa alivyojisikia! Tangu aolewe hakuwahi kuonja kitu kitamu kama kile kimya.

Siku mbili zikapita. Ya tatu alikwenda kwenye kopo, akaitoa flashi. Alikuwa ameikamata mkononi mumewe alipoingia, macho yamevimba, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mwombaji kazi.

"Tafadhali," alisema Mkaguzi. "Tuanze upya. Sitaweza peke yangu."

Tafadhali! Neno hilo nyumbani mle lilikuwa geni. Mkono wa Mpiga Chapa ulijifunga wenyewe, ukairudisha flashi kwenye vifungo. Akimpa kitabu sasa hivi, tafadhali ingekufa siku hiyo hiyo, na yule wa kalamu nyekundu angerudi kitini. Kesho, alijiambia.

Kesho ikawa miezi saba. Wema wa Mkaguzi uliongezeka kila wiki. Alimletea mto wa kuegemea. Aliuliza kama vidole vinauma, akachemsha chai mwenyewe, mbaya, lakini akaileta. Na kadiri wema ulivyozidi, ndivyo kopo lilivyozidi kuwa zito kufunguka. Hata hivyo kitabu kilikuwa kinamfia mzee mkononi. Tarehe zilimponyoka, watu aliwachanganya. Alisimama kati ya dirisha na kabati akimgeukia mkewe. "Nilisemaje pale?" Mpiga Chapa alikuwa na kila neno kichwani, maana vilivyopita vidoleni mwake havitoki.

"Sikumbuki, Mzee."

Kwenye sura ya nne ndipo mzee alipomkata mkewe maini. "Zile karatasi alizookota Mama," Mkaguzi aliuliza, "Shangazi alisema zilikuwa za nini? Za chai?"

Zilikuwa za sukari, za buluu. Mama yake alizinyoosha kwa tako la sufuria lenye moto, akazishona kwa uzi wa gunia, na kwenye ukurasa wa kwanza akabandika kidole chake kwa masizi, kwa vile hakujua kuandika jina la mwanawe.

"Sikumbuki," alisema Mpiga Chapa.

Mkaguzi aliweka paji la uso kwenye kabati akalia kwa sauti, kama mtoto. Mkewe alitazama vitufe. Roho ilimuuma, tusimsingizie, ilimuuma kweli, lakini hakuinuka. Sura ya nne ikaishia mistari mitatu. Kitabu cha sura ishirini na mbili kikaishia sura tisa.

Siku ya ukurasa wa shukrani Mpiga Chapa alitoa flashi kwenye kopo na kuitia mfukoni mwa gauni. Alikula kiapo na nafsi yake. Leo mumewe akimtaja, hata kwa nusu neno, ataichomeka pale pale, na liwalo na liwe.

Mkaguzi alitembea. Akashukuru makao makuu, madereva, mlinzi, daktari wa ngiri. Akafika dirishani, akampa mkewe mgongo, akatamka polepole, "Kitabu hiki nimekiandika mara mbili, kwa akili yangu mwenyewe, bila msaada wa mtu."

Akabaki anatazama nje.

Mpiga Chapa hakungoja "Funga." Aliinuka, akaenda jikoni, akachukua kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Akaitupa flashi ndani juu ya punje tatu zilizobaki asubuhi, akashika mchi kwa mikono miwili. Mapigo matano yalitosha. Kuna kipande cheusi kilimchoma chini ya ukucha, wala hakukisikia.

"Mpiga Chapa!" mumewe aliita. "Uko wapi? Sijasema funga."

Alirudi akakaa. Mkaguzi alikuwa bado dirishani, mabega yamepanda, kama mtu anayejikaza kumeza kidonge kikubwa.

"Andika. Mstari huo niliuandika hata mara ya kwanza, na mke wangu akaupiga chapa bila kunung'unika. Ni uongo. Hakuna neno langu ambalo halikupita vidoleni mwake. Siku nilipopoteza sura ya mama yangu, yeye alitaka kuniambia nikamfunga mdomo. Aliyeipoteza ni mimi." Akavuta pumzi. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Vidole vinauma?"

"Vinauma."

"Basi. Funga."

Akafunga. Mkaguzi akamjia na karatasi yenye orodha ya sura tisa na ile kalamu nyekundu, akaviweka mbele yake. "Kesho fundi anakuja kukichukua akakichapishe. Mimi siwezi tena. Safari hii kagua wewe."

Mkono ulinuka kitunguu saumu. Mpiga Chapa akatia vema ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kalamu ilisimama.

"Ipo?" aliuliza Mkaguzi.

"Ipo, Mzee," alisema mkewe, akatia vema.