Gari Haliumwi

Kitinda aliingia gereji vioo vyote vya gari vimeshushwa, jasho limemlowesha mpaka kwenye kope, na hasira tayari mdomoni. Gari la umeme, zuri, linang'aa, halafu kiyoyozi chake kinapuliza kama mtu anayepoza chai! Mafundi wawili walishalishika wakalirudisha vilevile. Na leo ndiyo leo. Mchana huu muuguzi mkuu wa kituo cha kusafisha damu angepanda mwenyewe, azungushwe mjini, kisha aamue kama gari linafaa kubeba wagonjwa wake wa figo, watu ambao joto kidogo tu huwalegeza. Akikuta hewa vuguvugu, kazi imekwenda na maji. Na Kitinda alikuwa ameshaacha kazi yake ya dukani kwa kuitegemea hiyo.

"Tulia, bosi," alisema fundi. Wateja walimwita Baridi, kwa sababu hata umtukane hapandi joto.

Akafungua boneti. Akapima gesi ya kiyoyozi, imejaa sawasawa. Akachomoa chujio la hewa, safi. Akatega sikio kwenye kompresa, pampu ya kiyoyozi, ambayo katika gari la namna hii huendeshwa na betri moja kwa moja, akaisikia inazunguka, ila kivivu, kama mfanyakazi aliyeambiwa asijichoshe. Ndipo akaingia ndani, akabonyeza skrini mpaka mwisho wa baridi, na hewa ikatoka ya kuumiza meno.

Kitinda akacheka. Kabla hajamaliza kucheka, hewa ikalegea.

Fundi akakodolea macho maneno madogo pembeni ya skrini: *Kubana umeme, amri ya mmiliki.*

"Gari haliumwi," akasema. "Lina mtu."

"Fundi, usiniletee habari za majini, nina safari."

"Jini ningekuelekeza kwingine. Huyu ana simu. Simu iliyosajiliwa ya mmiliki ikiamuru gari libane umeme, wewe kwenye usukani huna kauli. Anaona kila unachobonyeza. Ukiongeza, anapunguza. Simu hiyo ni ya nani?"

Kitinda alijua ni ya nani. Ilikuwa ya Dada Mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, na ambaye walichanga naye wakanunua gari hili. Siku ya kulichukua, simu ya Kitinda ilikuwa mbovu, na Dada akasema, "Tusajili kwa yangu, kwani mimi na wewe ni wawili?" Dada huyohuyo ndiye aliyemsikiliza kila jioni akilalamikia kiyoyozi, akampa pole, akamalizia palepale: "Mdogo wangu, gari hili litakuua. Mwachie shemeji yako, wewe rudi dukani." Shemeji, mume wa Dada, alikuwa hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe. Na Kitinda, masikini, akadhani anaonewa huruma.

"Niiondoe hiyo simu?" fundi akauliza. "Ufunguo unao wewe, gari litakubali."

"Subiri kwanza."

Maana moyo bado ulimtetea dada yake. Labda simu inajibonyeza ndani ya mkoba. Labda watoto wanaichezea. Akapiga, kiganja kimoja kikiwa kwenye tundu la hewa, na fundi akapandisha tena baridi.

"Dada, niko kwa fundi. Hakuna kitu kwenye simu yako kinachogusa gari?"

"Simu yangu? Mimi hata picha napiga kwa kubahatisha. Kwani bado halijapona? Pole, mdogo wangu, pole sana. Mwambie huyo muuguzi leo haiwezekani, kuliko uende ukaaibike."

Sauti ilikuwa bado inampa pole, na hewa ikafa kiganjani mwake.

"Asante, Dada," akasema. Kisha akamgeukia fundi. "Iondoe."

Mchana muuguzi mkuu alizungushwa mji mzima, mwishowe akaomba baridi ipunguzwe kidogo, koti lake ni jepesi. Aliposhuka mlangoni pa kituo akamwambia Kitinda kazi ni yake, aanze Jumatatu. Mwingine angepiga vigelegele. Kitinda alishukuru kwa adabu tu, akarudi kukaa kwenye usukani. Simu ikaita.

Dada hakusalimu. "Gari limepatwa na nini? Mbona silioni?"

"Unaliangalia wapi, Dada?"

Kwa mbali bomba la jikoni lilikuwa linatiririsha maji, kisha likafungwa.

"Shemeji yako anashinda amekaa tu, Kitinda," Dada akasema hatimaye. "Anakwisha huku namwona. Wewe huna mume, huna mtoto, ungepata kazi popote."

"Ungeniomba. Ungesema tugawane zamu, asubuhi yeye, jioni mimi. Ningekataa?"

"Najua usingekataa." Sauti ya Dada ilikuwa imetulia, wala hailii. "Lakini zamu moja isingetutosha."

Kitinda akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia dada yake. Akakaa ndani ya baridi ile akilia, mpaka mlinzi wa kituo akaja kugonga kioo na kumwomba asogeze gari, kuna mgonjwa anataka kupita.